Geti la Herufi Kumi na Tatu

Mimi ni mchora mabango. Hapa Sumbawanga ukiona kuku amechorwa kwenye banda la chipsi, kuku mwenye macho ya mtu aliyeitwa polisi bila kuambiwa sababu, ujue huyo ni wangu. Nimechora pia makopo ya rangi, viatu, samaki, meno ya daktari wa meno, na ng'ombe mmoja wa duka la dawa za mifugo ambaye watu wengi wanadhani ni mbwa. Kwa michoro sijivuni. Kwa herufi ndiyo najivuna. Herufi zangu zimenyooka, zina kivuli, na hazijawahi kumpa mtu kizunguzungu.

Ila Kiingereza changu ni cha kunakili. Mteja analeta karatasi, mimi naihamishia ukutani herufi moja moja, kama kibarua anayehamisha matofali bila kuuliza nyumba ni ya nani. Ndivyo nilivyoandika SALOON kwenye maduka ya kusuka nywele ya nusu ya mji kwa miaka minne, mpaka siku moja abiria mmoja wa basi la Mbeya akaniambia kwamba O moja imezidi. Sikuifuta hata moja. Wateja walikuwa wameshaizoea.

Basi ikawa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ile inayomfanya mtu mzima avae soksi mikononi, nikaitwa na mama mmoja aliyekuwa amejenga ukumbi wa harusi njia ya kwenda Kasanga. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage tangu ujana wake, mpaka akachoka kukohoa vumbi la magunia, akasema sasa anataka biashara ambayo watu wanakuja wameoga. Nilimkuta amesimama mbele ya geti jipya la chuma, amejifunga kitenge juu ya koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Nataka neno moja tu hapa kwenye geti."

"Moja tu? Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Akanipa karatasi aliyoandikiwa na binti yake anayeishi Dar es Salaam. Ilikuwa na neno UNFORGETTABLE.

"Maana yake nini, mama?"

"Maana yake mtu akifunga ndoa yake hapa, hasahau mpaka anakufa."

"Na kwa nini usiandike kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili watataka niwapunguzie bei."

Nikatoa futi kamba.

Geti lilikuwa la milango miwili inayolingana, mita mbili na nusu kila mmoja, imepakwa krimu. Mama alitaka herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Nikahesabu herufi: kumi na tatu. Nikarudia kuhesabu, nikiamini moja itajirekebisha. Kumi na tatu. Sita zitakaa mlango wa kushoto, sita za kulia, na moja haina kwa kwenda. Ile ya katikati, E, ilikuwa inaangukia pale pale milango inapokutana.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilijiona mjanja. E ina mgongo na mikono mitatu, nikasema, basi mgongo nauweka mlango wa kushoto na mikono naiweka wa kulia. Geti likifungwa, E inakamilika. Nilichora siku mbili, maana kwa baridi ile rangi ya mafuta ilikuwa inakataa kukauka, na nzi wawili wakaganda kwenye R. Siku ya tatu geti likafungwa, nikarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara kulitazama. Lilikuwa zuri mno. Nililipiga picha kwa simu.

Kisha mlinzi akalifungua. Mlango wa kulia ulikuwa unabaki umekomewa chini siku zote, wa kushoto ndio ulikuwa unafunguliwa kwa kuusukuma ndani. Ulipoingia ndani ulikwenda na mgongo wa E. Pale nje ikabaki mistari mitatu inaning'inia hewani kama kitana kilichovunjika, ikifuatiwa na TTABLE. Mlinzi alipoufunga tena, mlango ulikuwa umeshuka kidogo kwenye bawaba zake, kwa hiyo mikono na mgongo havikukutana tena.

Mama alisogea akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Fundi," akasema, "mtoto wa watu anakuja kuanza maisha, unampokea na herufi iliyovunjika uti wa mgongo?"

Nikafuta kwa tina, nikapaka krimu upya, nikaanza tena. Safari hii niliapa sikati herufi yoyote. Nilizibana herufi nane kushoto, UNFORGET, na tano nikaziacha zitanuke kulia. Zile za kushoto zilikaa bega kwa bega kama abiria, za kulia zilijimwaga kwa raha. Nakuapia sikuona nilichokuwa nimeandika. Ukinakili herufi kutwa nzima huoni neno, unaona miguu na matumbo tu. Mama naye alitazama geti likiwa limefungwa, akaridhika, akanipa chai na mihogo ya kuchemsha.

Siku ya pili yake nilikuwa bado pale nikimalizia kivuli. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Akaja mzee mmoja mfugaji, mrefu, koti refu, fimbo mkononi, amepanda nyuma ya pikipiki kutoka Ilemba. Ni katika wale ndugu zetu waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa Viktoria. Akashuka, akalitazama geti kwa makini, akaja moja kwa moja kwangu.

"Seremala yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Seremala hayupo hapa. Huu ni ukumbi wa harusi."

"Marahaba. Mimi sitaki harusi. Harusi nimeshafanya. Nataka meza."

"Hapa hawauzi meza, mzee."

"Mmeandika wenyewe." Akanyoosha fimbo kwenye mlango wa kulia. "Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Kila jioni ananisomea: *chair*, kiti, *table*, meza. Hilo ndilo neno la Kiingereza ninalolijua mimi, moja tu, na ninyi ndilo mnataka kuninyang'anya?"

Niligeuka nikalitazama geti. TABLE. Lilikuwa limekaa pale kubwa, jekundu, lenye kivuli, limenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Nikajaribu kumweleza kwamba kuna nusu nyingine imeingia ndani. Nikamwomba mlinzi afunge mlango ili mzee aione. Mzee akaona tunataka kumfungia nje, akaingia haraka, na huko ndani ukumbini ndiko zilikokuwa zimepangwa meza arobaini za plastiki.

"Si hizo hapo!" akapiga kelele kwa furaha na hasira pamoja. "Sasa mlikuwa mnanificha nini?"

Mama akatoka ofisini. Mzee alikuwa ameshachagua yake, ameketi, anaipiga kwa kiganja kuona kama inacheza. Nyumbani kwake wanaokula ni kumi na sita, akaeleza, na anataka mbili ziunganishwe. Mama akamwambia haziuzwi. Mzee akamwambia ataje bei, asione haya. Walibishana mpaka soda aliyonunuliwa mzee ikaisha, na alipoondoka alituahidi kwamba Jumamosi atakuja na mjukuu wake mwenyewe, atusomee geti letu.

Kufika mwisho wa wiki mama alikuwa ameshakataa wateja sita wa meza na mmoja wa kabati, na vijana wa bodaboda walikuwa wameshaupa ukumbi jina. Mtu alikuwa anasema, "Mshikaji, nipeleke Meza," na analetwa pale bila swali. Mama alipolisikia jina hilo kwa masikio yake, sokoni, akiwa ananunua nyanya, alinipigia simu. Sitaandika aliyoyasema.

Ndipo tulipomwita mwalimu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nyumba yake iko jirani na ukumbi, mzee mwembamba anayevaa tai hata akienda kununua mafuta ya taa. Alikuja na chaki yake mfukoni. Hakutusalimia vizuri. Alisimama mbele ya geti kama daktari mbele ya mgonjwa aliyecheleweshwa.

"Nani aliyelikata hapa?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ulilikata kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata geti, mwalimu."

Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba neno la Kiingereza lina namna mbili za kukatwa: unaweza kulikata kwa mdomo au kulikata kwa maana, na mara nyingi visu hivyo viwili havipiti njia moja. Kwa mdomo ni silabi. Akachukua brashi yangu akagonga ngazi kila aliposhusha sauti: un, for, get, ta, ble. Mapigo matano. Akatuambia tugonge na sisi. Nikagonga, mama akagonga, mlinzi akagonga na rungu lake. Mama alipata sita, akaambiwa arudie.

"Sasa kwa maana," mwalimu akasema, akaandika kwa chaki yake ya bluu kwenye ukuta ambao nilikuwa nimeupaka chokaa juzi yake. "Vipande ni vitatu. UN hii kazi yake ni kukataa. FORGET ni kusahau. ABLE ni kuwezekana. Kukataa, kusahau, kuwezekana. Yaani kisichowezekana kusahaulika."

Nilivutiwa. Nilikuwa nimelichora neno lile mara mbili na ndiyo kwanza naonyeshwa viungo vyake. Nikahesabu herufi za vipande: mbili, sita, nne. Kumi na mbili.

"Mwalimu, kuna T moja imebaki."

Mwalimu akatazama ukuta. "Ndiyo. Ile T ya pili."

"Ni ya kipande gani?"

"Haina kipande. Imeitwa tu kusaidia. Ile E ya GET inatamkwa kwa ufupi. Ikibaki na T moja, msomaji atakuja kuivuta mpaka neno lipoteze sura. Kwa hiyo T inaongezwa, inakaa pale kama mlinzi."

Mlinzi wetu akajisogeza karibu.

"Lakini inatamkwa?" nikauliza.

"Haitamkwi. Mdomo unatamka T moja, macho yanaona mbili. Ukigawa kwa silabi, moja inabaki na GET na nyingine inakwenda na ABLE. Ukigawa kwa maana..." Akafuta, akaandika upya, akafuta tena. "Ukigawa kwa maana, watu wanabishana."

Mama alikuwa amevumilia muda mrefu. "Mwalimu, mimi hiyo T nimeshainunulia rangi. Niambie inakaa mlango gani."

Mwalimu akajaribu kutuokoa kwa njia nyingine. Akasema kama ni shida kiasi hicho, kwa nini tusirudi kwenye lugha yetu, tuandike USIOSAHAULIKA, kwa kuwa ukumbi ndio usiosahaulika. Mama akaanza kulegea. Mimi nikahesabu kwa vidole, nikamwomba mlinzi anisaidie vya kwake. Kumi na tatu.

"Haiwezekani," alisema mama.

Akahesabu mwenyewe. Kumi na tatu.

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alituonyesha ukutani jinsi neno letu lilivyofungwa: ile SI karibu na mwanzo ndiyo inayofanya kazi ya UN, SAHAU ndiyo FORGET, na LIK karibu na mwisho ndiyo ABLE. Nikasimama nikiwa nimeshika brashi kavu. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema barabara haipitiki, chai hainyweki, mwandiko wa daktari hausomeki, na kumbe kila mara nilikuwa natembea na ABLE mdomoni bila kujua. Niliporudi nyumbani jioni nilimwambia mke wangu kwamba ugali ule unalika, nikamweleza kipande gani kinafanya nini. Aliniuliza kama nimekunywa komoni.

Lakini Kiswahili hakikutusaidia. Tulipojaribu kukikata USIO kushoto na SAHAULIKA kulia, mama alifikiri kidogo akasema, "Mlango wa kushoto ukifunguka panabaki *sahaulika*? Hapana. Bora meza."

Hukumu ya mwalimu ikawa hii. Pembeni ya geti, upande wa kushoto, palikuwa na mlango mdogo wa waendao kwa miguu. Pale tuandike UN. Mlango mkubwa wa kushoto tuandike FORGETT, na T ya pili ikae huko kwa mwenzake, yeye mwalimu atabeba lawama. Mlango wa kulia tuandike ABLE, maana yake "anaweza", na mlango wenye kusema anaweza haumtii mtu aibu. Milango mikubwa yote miwili ibaki imefungwa siku za shughuli, magari yaegeshwe nje, watu wapite mlango mdogo. Tukaona ni hukumu ya haki. Mama akamnunulia mwalimu kilo mbili za sukari. Mimi nikachora kwa mara ya tatu, nikamaliza jioni ya kuamkia harusi ya kwanza.

Bwana harusi alikuwa wa hapa mjini, bibi harusi alikuwa wa Kirando, na ndugu zake walipanda kutoka ziwani na basi zima pamoja na samaki aina ya migebuka waliokaushwa ambao harufu yao ilitangulia kufika. Mimi nilikuwa pale na nguo zangu za kazi, kwa sababu mama alitaka niwe karibu iwapo chochote kitabanduka. Saa nane mchana mlango mdogo ukafunguliwa kwa wageni. Muziki ukaanza. Mpiga video akaweka kamera yake ng'ambo ya barabara ili aanze na picha ya geti.

Mwalimu akafika, suti ya kahawia, tai ya harusi. Akafika mbele ya geti, akasimama ghafla, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Fundi! UN iko wapi?"

Nikatazama. Mlango mdogo nao ulikuwa unafunguka kwa ndani.

"Imeingia ndani, mwalimu."

"Sasa unajua hapa pameandikwa nini?" Akaligonga geti kwa kiganja. "FORGETTABLE! Mkataaji ameondoka! Tunawaambia hawa watoto kwamba ndoa yao ni ya kusahaulika!"

Gari la maharusi lilikuwa linasikika honi kutoka barabara kuu. Mama akaja mbio, akaelezwa, akapendekeza mlango ufungwe na kufunguliwa kwa kila mgeni mmoja mmoja. Ndugu wa Kirando walikuwa kama themanini mlangoni, na vyombo. Haikuwezekana. Nikakimbilia stoo, nikapata kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye dari, nikaandika UN kwa haraka ambayo sijawahi kuwa nayo, rangi ikichuruzika. Misumari haikuingia kwenye ukuta wa zege. Kwa hiyo mama akanisimamisha kati ya mlango mdogo na geti, akaniambia, "Shika hapo. Usishushe mpaka wote waingie."

Nikashika. Upepo wa Ufipa unajua kumtafuta mtu mwenye ubao. Kila ulipovuma uliniyumbisha kama bendera, nami nikajitahidi UN iwe mstari mmoja na FORGETT, maana kazi ni kazi. Maharusi walishuka. Bwana harusi, kijana mwenye adabu, alinipa mkono; nikampa wangu, na akaingia kwenye ndoa yake na kiganja chekundu.

Nyuma yao alikuja bibi mmoja wa kutoka ziwani, amevaa khanga mpya. Akasimama mbele yangu, akausoma ubao, akanitazama juu mpaka chini.

"Ninyi ndio wa yale magari meupe ya misaada?"

"Shikamoo bibi. Hapana, mimi ni wa geti."

"Marahaba. Mnagawa nini leo?"

"Sigawi kitu, bibi. Mimi ni kile kipande kinachokataa."

"Unakataa nini?"

"Nakataa kusahau."

Alinifikiria. "Basi usitusahau na sisi wa Kirando," akasema. "Gati letu limeharibika." Akaingia ndani.

Sikujua alimwambia nani huko ndani. Nilichosikia, baada ya nusu saa, ni mshereheshaji akizima muziki na kutangaza kwenye spika: "Mabibi na mabwana, tumepata heshima kubwa! Nimedokezwa kwamba tunao pia wageni wetu kutoka mashirika ya kimataifa! Naomba mwakilishi apite mbele atusalimie!"

Watu wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele. Mama akatokeza kichwa mlangoni, uso umesawijika.

"Ingia," akasema.

"Mama, mimi ni mchora kuku."

"Ingia! Wote wamegeuka wanatazama mlango!"

"Na UN?"

Mwalimu, aliyekuwa amekataa kuketi mpaka mambo yatengemae, akasema nitoe wasiwasi, wageni wote wameshaingia, yeye atatoka nje na kuufunga mlango mdogo ili neno likamilike. Akatoka, akaufunga. Nami nikapita katikati ya meza arobaini za plastiki, nikiwa nimekumbatia ubao wangu kifuani kwa sababu sikujua pa kuuweka, na rangi ikiingia kwenye shati. Nikapewa kipaza sauti. Watu mia tatu kimya. Bibi wa Kirando amekaa mbele, anatikisa kichwa kunitia moyo.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "ujumbe wetu ni mfupi. Msisahauliane."

Ukumbi ulilipuka. Bibi harusi alilia kidogo. Mshereheshaji akasema hayo ndiyo maneno ya mtu aliyetembea dunia. Nikaketishwa meza ya heshima pembeni ya mjomba wa bwana harusi, nikaletewa sahani ya pilau yenye nyama nyingi kuliko ya mjomba, naye aliutumia muda wote wa chakula kunieleza habari za kisima cha kijijini kwao. Niliandika kila kitu kwenye kitambaa cha karatasi. Ningefanya nini kingine?

Wakati wa kukata keki ndipo nilipomkumbuka mwalimu. Mlango mdogo ulikuwa na kitasa kinachofunguka kwa ndani tu, na mlinzi alikuwa amekuja kula. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, suti imejaa vumbi, vifundo vya vidole vimevimba kwa kugonga. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Limekamilika," aliniambia, akilinyooshea geti kidole. "Saa nzima na nusu nimelitazama. Limekamilika, fundi."

Nikamletea pilau yangu iliyobaki. Alikula pale pale juu ya jiwe.

Mama hakutaka kusubiri harusi ya pili. Jumatatu alimwita fundi wa kuchomelea, akamwambia ang'oe milango yote, aunganishe geti liwe moja, la kusukuma pembeni kwenye reli. Mlango mdogo uzibwe kwa tofali. Fundi akapima, akasema sawa, litateleza kuelekea kushoto, lijifiche nyuma ya ukuta wa kushoto ambako ni peupe.

Nilikuwa nachanganya rangi. Niliposikia kushoto, niliangusha kopo.

"Kulia!"

"Kulia kuna tangi la maji, kaka."

"Litoke! Geti likienda kushoto, kinachofichika kwanza ni UN! Likifunguka nusu mita tu tumerudi kwenye kusahaulika. Kulia, ndugu yangu. Mwanzo wa neno ubaki wa mwisho kuondoka."

Fundi alinitazama kama mtu anayehitaji kupelekwa nyumbani. Lakini mama alikuwa ameelewa. Nilimwona midomo yake ikitembea, akilikata neno kimya kimya, un, for, get, ta, ble, na safari hii alipata tano. Tangi likahamishwa siku hiyo hiyo na watu sita.

Nikachora mara ya nne, herufi kumi na tatu kwenye bati moja bila mshono, E nzima, T mbili zimesimama pamoja bila mtu wa kuzigombanisha. Mlinzi, ambaye hapendi kusukuma geti zito bila sababu, analifungua kulingana na unene wa mgeni. Mpiga picha wetu mwembamba anapita kwa LE. Mshereheshaji na spika zake anahitaji mpaka TTABLE yote ipotee. Mwalimu akiwa anapita kwenda dukani husimama akatazama geti limeachwa wapi, na siku linapoachwa vizuri, kati ya kipande na kipande, humpongeza mlinzi kwa sauti.

"Leo umelikata kwa maana!"

"Asante, mwalimu," anajibu mlinzi. "Aliyepita alikuwa mama wa keki."